Kinachong'aa: Kirusi au Rangi?

Rangi ya mng'ao ni kemikali inayomeza mwanga wa mawimbi mafupi na, kufumba na kufumbua, kuutoa tena ukiwa wa mawimbi marefu zaidi. Ukiingia mwanga wa buluu, hutoka wa kijani. Ukiingia wa kijani, hutoka wa chungwa au mwekundu. George Gabriel Stokes, mwanafizikia wa Cambridge, aliieleza tabia hiyo mwaka 1852 akitumia, pamoja na vitu vingine, maji yenye kwinini, dawa ileile chungu ya malaria, ambayo hutoa mng'ao wa samawati ikipigwa na miali ya urujuanimno. Mwaka 1871 Adolf von Baeyer alitengeneza floresini nchini Ujerumani. Miaka 70 baadaye, mwaka 1941, Albert Coons na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walifunga rangi ya mng'ao kwenye kingamwili, na kuanzia hapo rangi ikawa na shabaha: haikupaka tishu nzima, ilikwenda kushika protini moja iliyotumwa kuitafuta.

Ripoti ya kwanza ya wagonjwa wa UKIMWI ilipotoka Marekani mwaka 1981, na kirusi chenyewe kilipotengwa katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris mwaka 1983, mbinu hiyo ilikuwa imekwisha komaa. Ikaingia kazini mara moja, na mabishano yakaingia nayo. Upande mmoja yuko mtetezi wa rangi, anayeshikilia kwamba bila mng'ao ugonjwa huu ungeendelea kufuatwa kwa kupapasa. Upande wa pili yuko mwenye shaka, ambaye hoja yake ni fupi: jicho haliioni VVU, linaona rangi. Kati yao amekaa mtu wa maabara ya wilaya, mwenye slaidi mkononi na foleni mlangoni, ambaye mara nyingi hana nafasi ya kuwasikiliza wote wawili mpaka mwisho.

Mtetezi huanzia kwenye damu. Mwaka 1984 ilibainika kwamba VVU huingia ndani ya seli kwa kushika protini iitwayo CD4, iliyoko juu ya kundi moja la seli nyeupe za damu. Tangu hapo kupungua kwa seli hizo kukawa ndiyo saa ya ugonjwa. Lakini seli yenye CD4 na isiyo nayo hufanana kama mapacha. Hadubini ya kawaida haiwezi kuzitenganisha. Wokovu ulitoka kwenye vitu viwili vilivyobuniwa kwa sababu nyingine kabisa: kingamwili za aina moja za Georges Köhler na César Milstein, za mwaka 1975, na mashine ya kutenga seli kwa mng'ao iliyojengwa Stanford na kundi la Leonard Herzenberg mwishoni mwa miaka ya 1960. Ndani ya mashine seli hupita moja moja katika mkondo mwembamba mbele ya leza, na kila inayong'aa huhesabiwa. Rangi mbili zaweza kuamshwa na leza ileile ya buluu ya nanomita 488: floresini, inayojibu kwa kijani, na fikoerithrini, inayojibu kwa chungwa. Hii ya pili hutokana na mwani mwekundu, kundi lilelile kubwa la mwani linalolimwa Paje na Jambiani, ingawa mwani wa Zanzibar husafirishwa kwa ajili ya ute wake wa kugandishia vyakula, wala si kwa rangi.

Mwenye shaka hakatai kwamba seli zinahesabika. Anachouliza ni zinahesabika kwa usahihi gani, na nani anaulipia upungufu. Mng'ao wa floresini haukomi panapoanza wa fikoerithrini. Mkia wake huingia kwenye dirisha la jirani, na mashine hulazimika kupunguza kilichovuka. Upunguzaji ukikosewa, seli ambazo hazipo hujitokeza na zilizopo hupotea. Kisha anataja vizingiti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 uliweka dawa mkononi mwa mwenye seli zisizozidi 350 kwa kila mikrolita ya damu. Ule wa mwaka 2013 ukapandisha hadi 500. Kwa mwongozo wa 2010, mgonjwa wa seli 340 aliyekuwa bado na nguvu zake alianza dawa na mwenzake wa 370 akaambiwa arudi baadaye, ilhali tofauti ya seli 30 inaweza kutoka kwenye mashine ileile kwa damu ya mtu yuleyule.

Hoja hiyo ina uzito, na historia iliiongezea. Mwaka 2015 utafiti uitwao START, uliowafuata watu 4,685 katika nchi 35, Uganda ikiwemo, ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema kunalinda hata wale wenye CD4 zaidi ya 500. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaagiza kila anayeishi na VVU aanzishiwe dawa bila kusubiri hesabu yoyote.

"Basi mashine yako imekwisha kazi," husema mwenye shaka.

"Mwenzangu, umeifukuza mlangoni ikaingia dirishani," hujibu mtetezi. Kipimo kilichochukua nafasi ya CD4 ni cha wingi wa virusi, na hicho nacho ni mng'ao mtupu: vinasaba vya kirusi hurudufishwa kwa PCR, na kila mzunguko wa urudufishaji huachia rangi kidogo zaidi, hadi mashine inapouona mwanga na kuhesabu nyuma ilianza na nakala ngapi. Isitoshe CD4 yenyewe imerudi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2017 kuhusu VVU iliyokomaa unataka watu wazima wenye seli chini ya 200 watambuliwe mapema, kwa kuwa hao ndio wanaokabiliwa na kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo ya kuvu wa kriptokokasi.

Hapa mtu wa maabara hutia neno. Vitendanishi vya rangi vinataka jokofu la nyuzi 2 hadi 8, visigande, visipigwe na mwanga. Umeme ukikatika Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi hakuna anayeweza kuapa kwamba bado ni vizima. Siku hizi upo ukanda wa kupima usiohitaji leza wala taa: tone la damu, mistari ya kulinganisha, jicho lisome kama CD4 iko juu au chini ya 200. Haukuhesabii seli. Lakini daktari aliyepo kliniki haulizi zaidi ya hapo.

Kuhusu makohozi, mtu wa maabara ndiye anayeongoza, na haki yake. Kifua kikuu ndicho kinachoongoza kuwaua watu wanaoishi na VVU, na kwa zaidi ya karne moja kimesakwa kwa njia ya Ziehl-Neelsen. Makohozi hupakwa kwenye slaidi, hutiwa rangi nyekundu ya fuksini na kupashwa moto, huoshwa kwa asidi, kisha vijiti vyekundu hutafutwa kwenye uwanda wa buluu kwa hadubini inayokuza mara 1,000. Kazi hiyo huumiza shingo na macho. Auramini, iliyoanza kutumika katika kazi hii miaka ya 1930, hung'ang'ania nta ya ukuta wa bakteria na haitoki kwa asidi. Chini ya mwanga wa buluu vijiti huonekana vya manjano na kijani gizani, kama vimulimuli shambani usiku, na kwa sababu vinajitangaza vyenyewe, ukuzaji wa mara 200 hadi 400 hutosha. Msomaji hupitia eneo kubwa zaidi kwa muda mfupi zaidi. Tafiti zilizolinganisha njia hizi mbili zilikuta mng'ao ukigundua wagonjwa wengi zaidi, kwa takriban asilimia 10, bila kuzidisha sana makosa.

Kwa miongo kadhaa faida hiyo ilibaki kwenye hospitali kubwa. Taa ya zebaki ilikuwa ghali, ikipata moto, ikidai chumba cha giza, na balbu yake ikichoka baada ya saa mia chache. Hadubini isiyo na balbu ni pambo la meza. Taa za LED ndizo zilizobadilisha mambo. Hudumu maelfu ya saa, hazina zebaki, huweza kwenda kwa betri, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likapendekeza zichukue nafasi ya taa za zamani, na baadaye ya Ziehl-Neelsen yenyewe. Mtetezi anapofika hapa hutabasamu, maana ni nadra rangi ya utafiti kufika kituo cha afya ikiwa rahisi kuliko ilivyoondoka chuo kikuu.

Mwenye shaka ana mambo matatu, na hayalingani kwa uzito. La kwanza ni usalama: auramini imo katika orodha ya vitu vinavyoshukiwa kusababisha saratani, hivyo glavu si urembo. La pili ni kwamba auramini hushika bakteria aliyekufa sawasawa na aliye hai. Mgonjwa wa mwezi wa pili wa dawa anaweza kuonekana bado ana kifua kikuu kumbe anakohoa mizoga. Kuna rangi inayojaribu kulijibu hilo, kiwanja cha floresini ambacho hakina mwanga mpaka vimeng'enya vya seli hai vikikate, lakini si ya kazi za kila siku. La tatu ndilo zito. Watu wenye kinga iliyoshuka sana huwa hawafanyi mashimo mapafuni, kwa hiyo hukohoa bakteria wachache, na hadubini inataka takriban bakteria 5,000 hadi 10,000 katika kila mililita ya makohozi ndipo imwone mmoja. Rangi bora kuliko zote haiwezi kupaka kisichokuwepo kwenye slaidi. Wale hasa ambao VVU imewadhoofisha ndio wanaoambiwa hawana ugonjwa.

Mtu wa maabara anakubali, kisha anaongeza lake la nne ambalo hao wawili hawakulifikiria. Wakaguzi wa ubora huja baada ya wiki kadhaa, huchagua slaidi, huzisoma upya. Slaidi ya auramini iliyokaa kwenye mwanga hufubaa. Iliyokuwa na bakteria huonekana haina, na lawama humwangukia aliyeisoma kwa usahihi siku ya kwanza. Ndiyo maana slaidi hizo hutunzwa gizani, na nyingine hupakwa upya kwa fuksini kabla ya kukaguliwa. Neno lenyewe lina mzaha wake: nchini Tanzania dawa za VVU huitwa dawa za kufubaza virusi, na kliniki huomba kirusi kifubae huku chumba cha pili maabara ikiomba rangi isifubae.

Mtetezi hujibu hoja ya tatu kwa kuhamia kwenye vinasaba. Mwaka 1996 Sanjay Tyagi na Fred Kramer, wa New York, walieleza kipande cha vinasaba kilichokunjwa kama pini ya nywele. Ncha moja ina rangi, nyingine ina kizima mwanga, na kwa kuwa zimekaribiana hakuna kinachoonekana. Kipande kikikutana na mfuatano unaolingana nacho, pini hukunjuka, ncha huachana, mwanga huwaka. Kipimo cha Xpert MTB/RIF, kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2010, kilitumia pini tano za rangi tano kuzunguka sehemu fupi ya jeni ya bakteria iitwayo rpoB, na ya sita ya kuhakikisha kwamba kipimo chenyewe kimefanya kazi. Bakteria wakiwepo na pini zote tano zikawaka, rifampisini, dawa ya kifua kikuu, bado ina nguvu. Moja isipowaka au ikichelewa, sehemu hiyo ya jeni imebadilika, na usugu hushukiwa. Majibu hupatikana ndani ya saa mbili hivi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, kipimo kimoja kiliwagundua asilimia 72.5 ya wagonjwa ambao hadubini ilikuwa imewakosa ingawa bakteria walioteshwa maabara walionyesha kwamba wanao.

"Na asilimia 27.5?" huuliza mwenye shaka. Swali hilo lilijibiwa nusu mwaka 2017, toleo jipya la kipimo lilipokuja na uwezo wa kuona bakteria wachache zaidi. Nusu iliyobaki ni kwamba kipimo cha vinasaba, kama auramini, nacho hakijui kutofautisha hai na maiti, na kadiri kinavyozidi kuona vizuri ndivyo kinavyozidi kuokota mabaki ya ugonjwa uliokwisha pona.

Mpaka hapa ubishi umekuwa wa vipimo. Ubishi wa kina zaidi uko kwenye utafiti wa kirusi kilicho hai, na humo mwenye shaka hupata ardhi yake.

Osamu Shimomura alitenga protini ya kijani kutoka kwa konyeza wa pwani ya magharibi ya Marekani na kuitaja mwaka 1962. Mwaka 1994 Martin Chalfie alionyesha kwamba jeni ya protini hiyo ikiingizwa kwenye kiumbe kingine, kiumbe hicho hung'aa chenyewe. Roger Tsien akaizalia rangi nyingi, na mwaka 2008 watatu hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Kwa watafiti wa VVU ilikuwa kama kufunguliwa dirisha. Rangi haikuhitaji tena kupakwa kutoka nje baada ya seli kuuawa. Kirusi kingeweza kujengwa kikiwa na taa yake ndani, kikafuatwa dakika kwa dakika kikiingia.

Swali mojawapo lilihusu kapsidi, ganda lenye umbo la pia linalobeba vinasaba vya VVU. Limejengwa kwa protini zipatazo 1,500, zilizopangwa katika pete kama 250 za pembe sita na 12 za pembe tano. Vitabu vilifundisha kwamba ganda huvunjika mapema, punde baada ya kirusi kuingia, kwa kuwa upana wake wa nanomita 60 ulionekana kuzidi tundu la kiini cha seli. Watafiti wakaamua kuangalia. Mwaka 2017 kundi la Chicago lilijaza protini ya kijani ndani ya ganda na kuona mwanga ukimwagika kama dakika 30 baada ya kuingia: ganda limepasuka, bado nje ya kiini. Mwaka 2018 kundi la Atlanta lilitumia alama nyekundu iliyoshikamana na ganda kwa nje, likaona alama ikipotea mlangoni mwa kiini. Mwaka 2020 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walifunga protini ya kijani kwenye baadhi ya protini za ganda zenyewe, wakaona mwanga ukiingia hadi ndani ya kiini na kuzimikia karibu kabisa na mahali vinasaba vinapojipachika.

Rangi tatu, majibu matatu.

"Huo si ushahidi," husema mwenye shaka, "hizo ni tetesi zenye taa." Protini moja ya ganda ina uzito wa takriban kilodaltoni 24, protini ya kijani ina 27. Mzigo umemzidi mbebaji, na bado anatarajiwa kutembea kwa mwendo wake wa kawaida. Zaidi ya hapo, chembe nyingi za VVU zinazoingia kwenye seli haziambukizi chochote, huishia njiani. Anayefuata chembe inayong'aa huenda siku nzima anafuata marehemu. Na kingamwili zenye rangi nazo zilidanganya kwa upande wake: ndani ya kiini hazikuikuta protini ya ganda, watu wakahitimisha kwamba haipo, kumbe protini ya seli iitwayo CPSF6 ilikuwa imeifunika kama shuka.

Mtetezi hajibu kwa kukana. Anajibu kwamba kila rangi ilisema kweli kuhusu kitu chake: ya kwanza kuhusu tundu lililoingia kwenye ganda, ya pili kuhusu alama iliyong'oka, ya tatu kuhusu ganda lenyewe. Kosa lilikuwa la waliosoma majibu matatu kama majibu ya swali moja. Tena makundi hayo yalijua habari ya marehemu, ndiyo maana yalitafuta seli zilizoambukizwa kweli na kurudi nyuma kuchunguza chembe iliyohusika. Kisha anataja kilichofuata. Mwaka 2021 watafiti wa Heidelberg walitumia mng'ao kuwaonyesha mahali pa kukata seli iliyogandishwa, na hadubini ya elektroni, isiyotumia rangi ya mng'ao hata chembe, ikaangalia mahali hapo. Maganda mazima yenye umbo la pia yalionekana yakipenya matundu ya kiini, na matundu hayo katika seli zile yalikuwa na upana wa ndani wa nanomita 64 hivi.

Ni vigumu kutoona kwamba hapo wote wawili walipata walichotaka: rangi ilionyesha pa kuangalia, na kitu kisicho rangi ndicho kilichoona. Ganda lenyewe halikubaki jambo la vitabuni. Lenacapavir, dawa inayolishika ganda hilo na kuharibu kazi yake, iliidhinishwa kwa matibabu mwaka 2022, na mwaka 2024 katika jaribio la kinga nchini Afrika Kusini na Uganda hakuna hata mmoja kati ya wanawake 2,134 waliochomwa sindano ya dawa hiyo aliyeambukizwa VVU.

Ubishi uliobaki ni wa hifadhi ya kirusi mwilini. Mwaka 1997 makundi matatu ya Marekani yalionyesha kwamba dawa hazikimalizi kirusi: huacha vinasaba vyake ndani ya seli za CD4 zilizolala, na seli yenye kirusi kinachoweza kuamka ni kama moja katika milioni. Mtetezi anakuja na virusi vya maabara vya rangi mbili, rangi moja ikiwaka kirusi kinapofanya kazi na nyingine ikiwaka hata kikilala, ili seli iliyolala itofautishwe na isiyoambukizwa. Kwa damu ya mgonjwa halisi, ambayo haina kirusi chenye taa, seli huamshwa kwa kemikali, kisha RNA na protini za VVU hushikwa kwa rangi mbili kwa pamoja. Inayong'aa kwa zote mbili ndiyo inayotengwa. Mwenye shaka hukumbusha kwamba mashine ikikosea mara moja tu katika seli 100,000, kila seli moja ya kweli itazungukwa na kumi za uongo, na kwamba seli nyingi zinazowaka zina vinasaba vibovu visivyoweza kuzaa kirusi. Yeye anataka seli zioteshwe mpaka kirusi kitoke chenyewe.

"Damu kiasi gani?" huuliza mtu wa maabara.

Nyingi, kuliko chupa ndogo zozote alizonazo, na majibu huchukua wiki mbili hadi tatu. Mtu wa maabara huandika namba kwenye slaidi inayofuata na kuirudisha kwenye kisanduku cha giza.